Nadhiri ya Mzee Eleuterio

Kwa miaka kumi na minne Zenaida Covarrubias alikuwa Shetani wa parokia yetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama anapenda. Nasema hivi kwa hasira, maana joho lake jekundu nilimshonea mimi, na mimi pia sikumuuliza.

Kila Desemba, upande huu wa magharibi wa San Antonio, tunaigiza safari ya wachungaji kwenda Bethlehemu. Wachungaji wanataka kumfikia Mtoto. Shetani anawachelewesha kwa chakula, usingizi na ugomvi, kwa muda wa saa mbili na nusu nzima, mpaka malaika aje amkanyage shingo. Kabla ya Zenaida pembe za Shetani zilivaliwa na baba yake, Mzee Eleuterio, kwa miaka thelathini na mitatu.

Sababu tuliijua sote. Zenaida alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa, madaktari wakakata tamaa. Mzee akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu akaweka nadhiri: binti yangu akipona, nitakuwa Shetani wako kila Krismasi, na siku nitakayoshindwa, yeye atashika zamu. Binti akapona. Miaka kumi na minne iliyopita, mwezi Novemba, Mzee akapigwa na kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kushoto na nusu ya ulimi. Wakati huohuo kundi moja la maigizo la Los Angeles lilikuwa limemwandikia Zenaida barua ya kumwita. Hakwenda. Ahadi ni deni, alisema, akachukua pembe.

Sasa ana miaka arobaini na tisa. Anaamka saa kumi alfajiri kwenda kupika katika shule ya msingi, magoti yamemvimba, mume alishaondoka zamani na hakuna anayemlilia. Jioni alikuwa akiandika mchezo wake mwenyewe kwenye meza ya jikoni, mchezo wa mtu mmoja, habari za msichana aliyeokolewa na nadhiri ya baba yake. Miaka tisa anaandika na kufuta. Mwishowe ukumbi mdogo wa mjini ukakubali kumpa siku moja tu: Jumamosi ya pili ya Desemba, saa tisa alasiri. Siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, wachungaji wetu wanaanza safari.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa nyumbani kwa Mzee tukitengeneza tamales, mikate ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke ndani ya maganda. Mimi na Zenaida tulikuwa tukipaka unga wa mahindi kwenye maganda, Mzee amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Nimeshaamua," Zenaida alisema bila kuinua macho. "Kesho nawapigia simu ukumbini, nawaambia basi."

"Basi nini? Miaka tisa, halafu basi?"

"Ofelia, nimechoka. Usinianze."

"Umechoka kwa sababu ya mapembe hayo! Padri si ayavae mwenyewe? Sura anayo."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nadhiri ya Baba hiyo. Si yangu kuivunja."

"Hakuna nadhiri," Mzee akasema.

Nilidhani ulimi umemteleza. Zenaida naye akadhani hivyo, akamgeukia kwa upole. "Unasemaje, Baba?"

"Hakuna. Haikuwepo." Alikuwa akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Mama yako hakutaka nicheze. Kwao mwigizaji ni mhuni. Wewe ukapata homa, nikamwambia nimeweka nadhiri. Nadhiri angeikataaje?"

"Lakini madaktari..."

"Madaktari gani? Ilikuwa homa ya meno."

Ningecheka, lakini nilimwona Zenaida usoni. Alikuwa anapaka unga kwenye ganda ambalo lilikwisha kupakwa.

"Na nilipoacha kwenda Los Angeles? Ulikuwa kitandani, unasikia kila kitu. Mbona hukuniambia?"

Mzee akaitazama sakafu. "Ungekwenda."

Huyu mzee nimemheshimu tangu utotoni, lakini siku ile ningeweza kumpiga na mwiko. Zenaida alinawa mikono, akavaa koti, akasimama mlangoni. "Umeniibia, Baba. Tamales malizieni wenyewe."

Wiki ile alimwambia kila aliyekutana naye: ndugu, wapishi wenzake, hata mwenye duka la mikate. Baba kaniibia maisha. Ukumbini hakupiga simu ya kujitoa. Alimpigia padri atafute Shetani mwingine. Padri akajibu kwamba mashetani parokiani wamejaa tele, ila mwenye kuhifadhi mistari mia tatu ndiye hayupo. Zenaida akakata simu. Nilitegemea kumwona amepata nguvu, lakini alizidi kuonekana amechoka, na mimi nikasema moyoni, ndivyo uchungu ulivyo.

Jumamosi, nikielekea ukumbini, nikampitia Mzee. Nilimkuta amevaa suti, tai imekaa upande kwa kuwa aliifunga kwa mkono mmoja.

"Hajakualika," nilimwambia.

"Najua. Washa gari."

Tulikaa safu ya pili. Watu tulikuwa ishirini na watatu, nilihesabu. Zenaida alitoka amevaa gauni jeusi la kawaida, na alikuwa hodari, wala sisemi hivyo kwa urafiki. Alimwigiza mama yake akigombeza sufuria, watu wakashika mbavu. Alimwigiza baba yake akijipima pembe kwenye kioo, wakajongea mbele vitini. Kisha akafika penye homa. Maneno yake nayajua, amenisomea mara mia: baba anapiga magoti na kuweka nadhiri. Zenaida akapiga magoti, na hakusema kitu. Mtu mmoja akakohoa. Nikaushika mkono wa Mzee, ulikuwa baridi.

Zenaida akainuka polepole, akakaa ukingoni mwa jukwaa miguu ikining'inia.

"Hapa si kweli," alisema. "Ilikuwa homa ya meno. Baba yangu alitaka kucheza tu, akaogopa kumwambia mke wake. Wiki nzima nimemwita mwizi, mtaa mzima umesikia."

Akamtazama Mzee.

"Lakini ile barua ya Los Angeles haikuja ulipougua, Baba. Watu wanaamini hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Ilikuja Oktoba. Ilikaa kwenye droo yangu wiki tatu sijaijibu. Nafungua droo, naisoma, nafunga. Kila siku nasema kesho." Alipangusa uso kwa kiganja. "Ulipoanguka nililia sana. Na ndani ya kile kilio, Mungu anisamehe, nilipumua. Nikasema, sasa nina sababu."

Akanyoosha vidole vitatu.

"Wiki tatu, Baba. Ulikuwa mzima, unatembea, pembe zako ziko kichwani kwako. Hakuna aliyenizuia."

Akainamisha kichwa. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani imeandikwa hivyo. Mimi sikupiga. Mzee Eleuterio alikuwa analia, na kwa mkono wake mmoja mzima alikuwa anapiga makofi juu ya paja.