Kitanda Kitupu cha Waathene

Harufu ya sombe iliyopoa, kisamvu cha kwetu, hunirudisha kila mara Kingstanding, mtaa wa Wazungu tulikopewa hifadhi. Nilikuwa na miaka kumi, na nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na mama. Kaka yangu Baraka alichukuliwa na waasi tulipokuwa tukikimbia Kongo, na hatukupata habari zake tena. Kila jioni mama alimpakulia chakula, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiacha mezani. Asubuhi alikimwaga, nami nikaenda shule na harufu ile kwenye sweta.

Majira yale ya baridi tulifundishwa habari za Wagiriki wa kale. Sanamu zao zilinichosha, na wanafalsafa wao niliwaona watu waliojua kila kitu isipokuwa kukaa bila vita. Lakini siku mwalimu alipoeleza jinsi Waathene walivyozika askari wao, nilitega sikio. Mifupa ya waliokufa ilibebwa katika majeneza, na pamoja nayo kitanda kimoja kitupu, kimetandikwa vizuri, kwa ajili ya wale ambao miili yao haikupatikana. Kwa akili yangu ya kitoto niliona watu hao wametumalizia shida yetu. Nikakata boksi la viatu, nikaligeuza kitanda, nikalitandika kipande cha kitenge na kuandika ubavuni jina la Baraka. Mwalimu alikisifu sana. Nikakipeleka nyumbani, nikakiweka kando ya sahani yake.

Nilimweleza mama mbiombio. "So, mama, hata sisi tunaweza kumufanyia matanga, hata kama hakuna body."

"Uliona maiti yake?" aliuliza taratibu.

"Hapana, mama."

"Sasa juu ya nini unamuzika mutoto wangu?"

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliketi sakafuni akalia kilio cha msiba, kile alichokizuia tangu Baraka alipochukuliwa, hadi jirani akagonga ukuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami niliutonesha kwa gundi na mkasi. Kesho yake kitanda hakikuwapo, na sahani ilikuwa mezani kama kawaida. Hatukulizungumza tena.

Mama tulimzika mwaka juzi. Kanisa lilijaa, kwaya ikaimba, akapata yote ambayo mwanawe hakuyapata. Nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo nitamlilia Baraka pia, nimalize. Machozi hayakuja. Waathene walikuwa na mji mzima wa kulia pamoja nao. Sisi tulikuwa wawili, na sasa nimebaki peke yangu wa kumkumbuka Baraka. Jioni ile nilipakua sombe, sahani yangu, ya binti yangu, kisha mkono ukapakua ya tatu. Nikaifunika.

"Who's that for?" binti yangu aliuliza.

"Ya mjomba wako," nikamjibu. "Usiiguse."