Mansukh, Bingwa wa Miche ya Kingsbury

Kule Kisumu, Mansukh aliuza majembe tangu ujana wake hadi nywele zikaanza kumtoka. Jembe alilijua kwa mlio. Aliligonga kwa ukucha, akalisikiliza, akakwambia hili litapinda na hili litamlimia hata mjukuu wako. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya, nacho ni kulitia udongoni. Bustani ya nyumbani kwake ilikuwa na mtu wake, Mzee Obura, na Mansukh aliilima kwa kidole, ameketi barazani na kikombe cha chai: kile kimwagilie, hiki king'oe.

Mwaka wa sitini na nane, Wahindi wengi wa Kenya walipofunga masanduku na kushika pasipoti zao za Uingereza, naye akahamia London na mkewe Kalpana na watoto. Wakapata nyumba Kingsbury, na nyuma yake bustani ndefu, nyembamba kama koridoo, yenye mtufaha mmoja mzee na miiba ya kutosha kufuga simba. Mansukh akaitazama kupitia dirishani. "Ardhi hii imechoka," akasema. "Iacheni ipumzike." Akashusha pazia.

Ubingwa ulimjia bila kuutafuta. Avtar Singh, fundi wa reli aliyetoka Nairobi na kukaa mtaa wa pili, alikuja akilalamika kwamba konokono wasio na nyumba wanatafuna kabichi zake, majani yamebaki kama chujio la chai. Avtar alikuwa Mpunjabi, Mansukh Mgujarati, kwa hiyo mambo mazito waliyazungumza kwa Kiswahili.

"Wewe uliuza vitu vya shamba, Mansukhbhai. Nifanye nini?"

Mansukh angeweza kusema hajui. Lakini mtu aliyekuwa na duka lenye jina lake mlangoni, na sasa anabandika lebo kwenye maboksi ya watu ghalani, hapati nafasi nyingi za kuulizwa ushauri. Alitazama mezani, akaona mabaki ya kifungua kinywa.

"Maganda ya mayai," akasema. "Yaponde, uyamwage kuizunguka kila kabichi."

Wiki ile mvua ikakatika, udongo ukakauka, na konokono wakajiendea zao kutafuta unyevu. Avtar akayasifu maganda ya mayai mtaa mzima. Tangu hapo kila Jumapili sebule ya Mansukh ikawa kliniki. Baada ya mayai alivumbua dawa ya pili, na hiyo ikatosha magonjwa yote: samadi ya farasi. Majani yamepata manjano? Samadi. Mpea hauchanui? Samadi. Ranjan, karani wa benki, alimwaga nyingi hata mama mkwe wake akarudi Leicester kabla ya siku zake. Na kwa kuwa pazia la nyuma halikufunguliwa, hakuna mgonjwa aliyewahi kuiona bustani ya daktari.

Kalpana aliiona, maana ndiye aliyekuwa akianika nguo humo. Majira ya kuchipua yalipoingia alipanda nyanya, pilipili na karela, yale matango machungu, ndani ya nyumba, kwenye trei na makopo ya mtindi. Miche ikajaa madirishani, ikashuka ngazi, mwishowe ikaingia hata kwenye bafu. Mansukh akawa anaoga kwa ndoo, kama yuko safarini.

Jumamosi moja ya Aprili jua likatoka kwa nguvu, watu wakavua makoti. Lydia, jirani yao Mwingereza, mjane mwenye adabu nyingi, alichungulia juu ya ua wa mbele. Akasema siku ni nzuri mno, ila usiku huenda pakawa na ubaridi kidogo. Mansukh akatabasamu na kukubali. Tangu afike nchi hii hakuwahi kukutana na Mwingereza asiyemsalimu kwa hali ya hewa. Angejuaje kwamba safari hii haikuwa salamu?

Akavaa kofia, akatoka kwenda kuwatangazia watu. "Toeni miche nje! Majira yamegeuka. Mche unaochelewa udongoni hauzai!" Kwa Avtar akapewa paratha. Kwa Ranjan akapewa chai na chevdo, ule mchanganyiko wa kukaanga wenye pilipili. Kila nyumba ilitoa miche yake nje na sahani yake mezani, na bingwa hakutaka kumvunja mtu moyo. Alirudi kwake jioni akipumua kwa shida.

"Baba Praful," Kalpana akamwita, "na yetu je?"

"Itoe."

"Mimi? Bingwa ni wewe. Mimi nimeipanda, nimeinywesha, nimeilea kama watoto. Kuibeba hadi nje hakuhitaji hata ubingwa."

"Nitaitoa. Acha nipumzike kidogo."

Akajinyoosha kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Kulipokucha alikuwa bado hapo, na nje bustani zote za Kingsbury zilikuwa zimefunikwa na jalidi, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani kama unga wa ngano. Jua lilipoiyeyusha, miche ya watu ilikuwa imelegea na kuwa myeusi, kama mchicha uliosahaulika jikoni.

Walikuja wakiwa kundi, Avtar mbele. Safari hii hawakusubiri kuketishwa sebuleni. Ranjan alipanda ngazi, akafungua mlango wa bafu, akapiga ukelele. Mle ndani nyanya zilikuwa zimesimama wima, kijani kibichi, hazina habari.

"Msaliti!" akasema Ranjan. "Sisi umetuambia tutoe nje, yako umeificha bafuni!"

Avtar akatikisa kilemba kwa huzuni. "Waswahili husema mganga hajigangi. Wewe umejiganga mwenyewe, sisi ukatuua."

Mansukh aliwaza haraka. Msaliti, angalau, ni mtu mwenye akili. Akainua kidevu, akaanza, "Ndugu zangu, kilimo kina siri zake..."

"Siri gani?" Kalpana alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maji. "Hakuwasaliti. Alikula kwenu akashiba, akalala. Miche hii imepona kwa uvivu wake."

Avtar akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Ranjan alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda. Mansukh alisimama katikati yao, masikio yakimwaka, akatamani wangerudi kumwita msaliti.

Kalpana akagawa miche, kila nyumba makopo yake. Kisha akavuta pazia la nyuma. Watu wakaiona miiba. Avtar alitoka, akarudi na uma wake wa kulimia, akamkabidhi Mansukh kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi ya harusi.

Alilima hadi malengelenge yakampasuka viganjani. Aliukosoa uma, akaukosoa udongo, akaikosoa mizizi, lakini alilima. Nyanya hakuzitia nje mpaka mwisho wa Mei, siku aliyomuuliza Lydia mara tatu kama ana hakika, mpaka mama wa watu akaanza kumtazama kwa wasiwasi. Kiangazi kilipokwisha walivuna bakuli moja la nyanya nyekundu na ndoo ya zisizotaka kuiva, ambazo Kalpana alizitia achari.

Mwaka uliofuata watu walikuja tena Jumapili na majani yao yenye matundu. Mansukh aliyageuza jani baada ya jani, akayarudisha.

"Sijui," akasema, na kweli hakujua.

Wakatoka wakinong'onezana. Ranjan alimshika Avtar mkono pale getini.

"Umemsikia? Anajua. Safari hii hataki tu kutuambia."