Ripoti Iliyoacha Kuuliza

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa karani katika kampuni moja ya utalii pale Karatu. Tulikuwa na hoteli mjini na kambi ya mahema kule juu, ukingoni mwa kreta. Kila lalamiko lililofika, la mgeni au la mfanyakazi, niliingiza mimi kwenye kompyuta. Ripoti ya kwanza ilionyesha jumla tu. Ukiibonyeza jumla, uliruka kwenda ripoti ya pili yenye maelezo, lakini kabla haijafunguka mashine iliuliza: hoteli au kambi? Mwezi upi?

Meneja hakulipenda swali hilo. "Kila nikigusa naulizwa kama niko polisi," alisema, akamwita fundi wa kompyuta kutoka Arusha. Tangu siku hiyo ukibonyeza, ripoti ilifunguka papo hapo. Nilifurahi, maana kazi ilikwenda haraka.

Kisha akashuka mpishi wa kambi, mama wa Kiiraqw kutoka Endabash, na gari la vyakula. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Mwanangu, sisi huko juu mmetutupa? Maji ya tangi yananuka. Watu wanaharisha. Kila siku nawaambia kwenye redio ya kambi."

"Mama, nimeandika yote. Hebu njoo uone."

Nikabonyeza jumla. Maelezo yaliyotokea yalikuwa ya hoteli peke yake: taulo, kelele za baa, chai iliyopoa. La kambi hakuna hata moja. Nikampigia fundi simu.

"Bosi alisema isiulize tena," akanijibu bila wasiwasi. "Ukibonyeza, mashine inajijibu yenyewe: hoteli. Alitaka hivyo ili mwenye kampuni akija kukagua aone ya hoteli tu."

Nilipanda na yule mama siku ileile. Nyuma ya jiko alinionyesha ngazi, nikachungulia kwenye tangi. Pimbi alikuwa anaelea humo, amevimba, manyoya yamemtoka yametanda juu ya maji kama utando wa maziwa. Maji hayo ndiyo wafanyakazi wa kambi waliyokuwa wakipikia ugali wao. Nilishuka nikatapika kwenye majani, na yule mama akanishika mgongo kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Niliporudi mjini, meneja nilimkuta anakula nyama choma. Nilimweleza, naye akaendelea kutafuna.

"Wageni si wanakunywa ya chupa? Sasa shida iko wapi?"

Mafuta yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Nilimbana fundi mpaka akalirudisha swali. Mwenye kampuni alipokuja, akabonyeza, mashine ikamuuliza. Akachagua kambi. Alisoma mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hili tangi lipo mpaka leo?" Meneja akasema ndiyo kwanza anasikia.

Tangi jipya lilipelekwa wiki hiyohiyo. Meneja hakufukuzwa; alipewa onyo, na kesho yake akaingia ofisini ananukia manukato, akaninyooshea mkono. "Habari za asubuhi, dada?" Niliupokea, kwa kuwa nilikuwa na watoto wa kulisha. Halafu nikaenda bombani kunawa, nikasugua kwa sabuni mpaka vidole vikaniuma. Nilifanya hivyo kila asubuhi, hadi nilipopata kazi kwingine.