Mchumba Wangu Alipiga Kelele Kabla Rafiki Yangu Hajaanguka

Admin, naomba usiweke jina langu wala picha, maana watu ninaowaandika hapa wanaisoma hii page kila siku. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa. Naishi mtaa wa Tena hapa Nairobi, nafanya kazi kwa kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo. Nimechumbiwa. Wazee wetu wa Kakamega wameshakutana na wazee wa kwao, imebaki kupanga siku ya harusi tu. Hii stori nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi.

Ninachopenda sana maishani ni baiskeli. Si ya kuendea dukani, ni ile ya milimani yenye magurudumu manono. Aliyenifunza ni rafiki yangu, nitamwita Achieng, msichana wa Dandora asiyeogopa kitu. Mchumba wangu, nitamwita Dan, hakuwahi kuipenda. Ni mtu mpole, hanywi, hajawahi kuniinulia sauti. Lakini kila Jumapili nikirudi na matope alikuwa ananiuliza, "Na tukioana bado utakuwa unaniacha uende na huyo Achieng?" Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni wivu wa kawaida wa watu wanaopendana.

Mwaka huu tukapanga safari tuliyoingojea sana: kutoka Nairobi na gari, baiskeli zikiwa juu ya keria, tupitie Naivasha na Nakuru, tushuke bonde la Kerio, halafu tuvuke hadi Mlima Elgon, tukiendesha popote penye njia nzuri. Tulikuwa mimi, Achieng, na Musa, fundi wa baiskeli kutoka Umoja. Nilishangaa Dan aliposema yeye ndiye atakuwa dereva. "Wacha nione hii kitu unapenda kuliko mimi," akasema. Jamani, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Naivasha mambo yalikuwa sawa. Dan alituchemshia chai, akatupiga picha, akacheka na sisi. Tulipofika Iten, juu ya bonde la Kerio, tulilala kwa nyumba ya wageni, baiskeli tukaziegesha nje chini ya kibanda. Tukiwa tunakula, Achieng akaniambia, "Msichana, kuna watu hapa Iten wanatafuta wa kuongoza wageni kwa baiskeli. Mimi na wewe tungehamia." Nikamjibu, "Hebu nifikirie." Dan aliweka kijiko chini. Akasema anaenda kuangalia gari. Alikaa huko nje hadi chakula chake kikapoa.

Asubuhi tumbo liliniuma, nikasema mimi sishuki. Tairi ya Achieng nayo ilikuwa imepasuka ubavuni, kwa hivyo nikamwambia achukue baiskeli yangu. Musa alikuwa ametangulia. Dan alikuwa anapangusa kioo cha gari, ametugeuzia mgongo. Alipogeuka, Achieng alikuwa ameshavaa helmeti na kuanza kuteremka.

Hapo ndipo nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa huyo mwanaume. "Si hiyo! Mwambie asimame! Si hiyo!"

Achieng aliinua mkono kama mtu anayeaga, akapotea kwenye kona. Nikamuuliza Dan, "Kwani iko na nini?" Aliniangalia. Midomo ilikuwa imekauka. "Hakuna," akasema. Akaingia kwa gari, akafunga mlango, akakaa ameshika usukani na injini imezimwa.

Hata hatukusikia mlio. Tulimwona tu Musa akipanda mlima mbio kwa miguu, anapunga mikono. Achieng alikuwa ameshindwa kukata kona, akarushwa kwenye mawe. Nyonga ilivunjika, na mkono. Dan alituendesha hadi hospitali, na mimi kiti cha nyuma nimeshika kichwa cha rafiki yangu.

Siku iliyofuata Musa alinivuta kando. "Nati zinazoshika kebo za breki za baiskeli yako zimelegea. Ya mbele na ya nyuma," akasema.

"Si ni vile barabara ilitutikisa?"

"Nilizikaza mwenyewe tulipofika juzi. Moja ilegee, sawa. Zote mbili, sijui, dada yangu."

Sikumwambia Musa kuhusu ile kelele. Nilimuuliza Dan tukiwa wawili. Akanishika mkono, akasema, "Nilipata hisia mbaya tu. Roho iliniambia." Kisha akaomba tusali.

Tangu turudi Nairobi amekuwa malaika. Anampelekea Achieng uji na matunda, amemtengenezea kiti cha kuogea, mama yake Achieng anamwita mwanangu. Mamangu nilipojaribu kugusia alinikatiza, "Mtoto, mwanaume kama huyu utampata wapi? Unataka kuharibu kwa sababu ya nati?" Na mimi usiku nalala nikijiambia labda kweli ni roho ilimwambia. Halafu nakumbuka ile baiskeli ilikuwa yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa namsuka Achieng nywele. Dan alikuwa ameondoka tu baada ya kuleta maziwa. Achieng akasema bila kugeuza kichwa, "Siku ile nilimsikia akipiga kelele. Nilidhani ananitakia safari njema. Alikuwa anasema nini?"

Nilimdanganya kwamba sikusikia vizuri. Akasema, "Sawa." Lakini tangu hapo Dan akija, anajifanya amelala.

Jana Dan alinipigia simu kwa furaha. Anasema nimekuwa na huzuni sana, kwa hivyo ameomba likizo anipeleke milima ya Taita, sisi wawili tu, nikaendeshe baiskeli tena. Tunatoka Jumamosi. Mama ameshanifulia nguo za safari.

Ndugu zangu, msinitukane. Sina ushahidi wowote ila sauti ya mtu. Nikinyamaza, nitaolewa naye. Nikisema, na kama namsingizia? Nimwambie Achieng ukweli? Na hiyo Jumamosi, niende ama nisiende? Nishaurini.