Shikamoo ya Kwenye Kioo

Kila asubuhi sokoni Katesh, kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, fundi cherehani hujitazama kwenye kioo kidogo, huinamisha kichwa na kusema taratibu, "Shikamoo." Letisia muuza vitunguu, rika lake, aliyemtungia sindano miaka sita alipokuwa haoni, humcheka. Fundi aliwekewa kipande cha jicho la marehemu asiyemjua, aliyeagiza kuwa akifa macho yake wapewe wengine.

"Je, kama alikuwa binti mdogo tu?" Letisia alimuuliza jana.

Vidole vyenye sugu ya mkasi vikapitisha uzi mara moja.

"Mtu anayenionyesha tundu la sindano, nitamwitaje mdogo?"

Leo Letisia aliacha vitunguu, akalitazama jicho lile. "Shikamoo."

Fundi hakuitikia. Hakuamkiwa yeye.