Wilaya Niliyoiomba kwa Baba

Nikiwa darasa la tano nilikosa swali moja la Uraia, na kosa lile lilimuuma baba kuliko lilivyoniuma mimi. Tuliambiwa tupange ngazi za utawala kuanzia kitongoji mpaka taifa. Mimi nikaiweka tarafa juu ya mkoa. Mtoto wa mtendaji wa kata! Mwalimu alinicheka mbele ya darasa zima, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshafika ofisini kwa baba, kijijini kwetu, ndani ndani huko ukiiacha barabara ya lami pale Nyololo.

Hakunichapa. Alikaa na mimi jikoni penye moto akatunga nchi. Hakuipa jina, alisema nchi ikishapata jina watu wanaanza kugombea urais. Ilikuwa na mikoa mitatu: Viazi, Mahindi na Njegere. Mkoa wa Viazi ulikuwa na wilaya za Viazi Mashariki, Viazi Magharibi na Viazi Vijijini, chini yake tarafa, chini ya tarafa kata, hivyo hivyo mpaka kitongoji cha Maganda chenye nyumba nne na mbwa mmoja. Kila jioni alinihoji nikiwa namenya viazi vyenyewe. Mtihani uliofuata nikapata zote, na ile nchi tukaiacha hapo.

Sasa baba anaishi kwangu Mbeya, na akili yake imeondoka. Daktari aliutajia ugonjwa jina refu, mimi nasema akili imeondoka, basi. Mama alishafariki. Mimi mwenyewe hanijui, ananiita "dada" kama anavyomwita muuza mboga. Lakini ile nchi, jamani, anaijua yote! Anakaa barazani na koti lake, kalamu mfukoni, anaiendesha. Leo Njegere Kusini hawana maji, kesho shule ya Maganda imeezuliwa na upepo.

Niseme ukweli, niliona wivu. Mtu mzima mimi, nakionea wivu kitongoji ambacho hakipo! Nilitaka kitu kimoja tu: aniite mwanangu, hata mara moja, kabla hajaisha kabisa. Siku moja nikamwambia wazi, "Baba, mimi ni mwanao." Akaniangalia kwa ule upole wake wa ofisini.

"Una barua ya mwenyekiti wa kitongoji?"

Basi nikaamua kumfuata hukohuko kwenye nchi yake. Asubuhi moja nikajifunga kitenge vizuri, nikapiga hodi kwenye baraza la nyumba yangu mwenyewe, nikapiga goti. "Kamwene, mheshimiwa." Akaitikia salamu ya kwetu, kamwene. Nikamwambia sisi wananchi wa Viazi Mashariki tunaomba wilaya igawanywe, tupate yetu mpya, makao makuu yako mbali, wagonjwa wanateseka. Si ndivyo watu wanavyoomba? Maombi hayo niliyasikia utoto wangu wote. Baba akachomoa kalamu. Uso ukamchangamka, miezi mingi sikuwa nimeuona hivyo.

"Mnataka iitweje?"

Nikataja jina langu, lile alilonipa yeye.

Akaliandika taratibu kwa herufi kubwa, akalitazama. "Jina zuri. Nina binti anaitwa hivi hivi. Yuko bweni, anasoma. Ana akili sana yule, ila tarafa zinamsumbua."

Nilikimbilia jikoni nikalia, halafu nikacheka peke yangu kama mwehu. Niliona nimeshafika mlangoni, kilichobaki ni kuingia. Mjinga mimi.

Nilisahau wilaya ikigawanywa inakuwaje, na mtu wa mwisho kusahau angekuwa baba. Kata yake iliwahi kukatwa vipande viwili. Zahanati ikabaki huku, kisima kikabaki kule, na watu waliozikana miaka yote wakaanza kunyimana maji. Baba alizunguka na baiskeli kuwasuluhisha mpaka alipostaafu. Kumbe lile jambo halikuwahi kumtoka. Kuanzia kesho yake akaacha kula.

"Mpaka umepita wapi?"

"Mtoni, mheshimiwa."

"Mto gani?"

Nikabuni mto. Siku ya pili nikausahau, nikamwambia mpaka umepita mlimani. Akanikamata mkono mpaka ukaniuma. "Dada, watu watakatana mapanga, na wewe unacheka!" Nikamwambia tuifute hiyo wilaya. Akasema haifutiki, tangazo limeshatoka.

Aliondoka mchana mmoja nikiwa nafua nyuma ya nyumba. Alifunga tai, akachukua faili. Kituoni aliwaambia watu anakwenda kukagua mpaka, na watu wetu wakimwona mzee wa tai na faili hawaulizi mara mbili. Wakampisha, wakambebea faili lake, wakamkalisha kiti cha mbele kwenye gari la Chimala. Nauli hawakumdai. Ningewalaumu vipi, na mimi ndiye niliyeanza kumpigia goti?

Muuza mchele mmoja ndiye aliyenipigia, namba yangu nilikuwa nimeishonea ndani ya koti. Nilimkuta baba sokoni Chimala amekalia gunia, mvua imemnyeshea, suruali imelowa kwa mvua na kwa mengine, analia. Hata siku tuliyomzika mama baba hakulia mbele za watu. "Hakuna anayeutambua mpaka," akaniambia. "Nimeuliza wote. Hakuna anayeutambua."

Homa ya mapafu ikamshika. Homa ilipokuja kupoa, nchi ilikuwa imekwisha. Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. "Mheshimiwa, Maganda hawajambo?" Akabaki ananitazama mdomo tu. Nikamtajia kata, nikamtajia tarafa, nikamtajia mikoa yote mitatu, na nikajikuta ni mimi peke yangu duniani ninayeijua. Wenzangu wa kanisani wanasema afadhali mzee ametulia. Afadhali! Waje wakae naye siku nzima ndipo waniambie hiyo afadhali yao.

Jana asubuhi nilikuwa nimechuchumaa namvalisha soksi, na baridi hii ya Juni. Akajivuta mbele kwenye kiti, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Soksi ikaniponyoka.

"Naomba unipeleke kwa mtendaji," akasema. "Nimepotea."

"Mtendaji wa kata gani, baba?"

"Yoyote."

Akangoja. Nadhani aliona nimenyamaza akahofu kwamba hajaniamkia vizuri, maana aliinama tena, chini zaidi, akarudia.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikamwitikia baba yangu.