Mama Bawaba na Mlango wa Chumba cha Uzazi

Ulipita pale, ndugu muumini. Usinitazame hivyo. Ulipita, ukaona wajawazito watatu kwenye benchi nje ya zahanati, mikono kiunoni, na mlango umetiwa kufuli jipya. Ukavuta barakoa hadi karibu na macho, ukasema gonjwa limetutesa sote. Halikututesa sote sawasawa. Mimi sisahau, na ndiyo maana naandika maisha ya mkunga wa zahanati ile.

Alizaliwa mwezi wa mvua, miaka hamsini na miwili kabla ya gonjwa, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tano wa mama mfua nguo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake alishikwa na uchungu, baba yuko kazini, na mkunga wa jirani akamkabidhi beseni la maji ya moto. Akaanza kulia. "Shika beseni vizuri," mkunga akamwambia. "Kulia utalia kesho." Wito wake ulianzia hapo, hakusikia sauti kutoka mbinguni, alisikia hiyo. Alijisomesha ukunga kwa kufua nguo za watu, akaajiriwa katika zahanati ya mtaa, akazalisha miaka ishirini na sita. Hakuolewa. Kila alfajiri alipita kanisani akapiga goti moja tu. La pili, alisema, analitunza kwa ajili ya kazi.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa gonjwa iliundwa kamati ya dharura: wanaume tisa, na mwanamke mmoja aliyeitwa kuandika kumbukumbu na kuchemsha chai. Waliorodhesha kazi za lazima, wakachapisha vibali vya kupita vizuizini. Daktari alikuwemo, na dereva, na askari, na mwenye duka, na mchimba kaburi. Mkunga hakuwemo. Sidhani walimchukia. Hawakumkumbuka tu, watu tisa ambao wote walizaliwa. Vitanda vya uzazi vikahamishiwa wodi ya gonjwa, chumba kikafungwa. Alipokwenda kikaoni, mwenyekiti alimwambia wajawazito wasubiri hali itulie.

"Na mimba nazo mmeziandikia barua?" akauliza. Wakacheka.

"Mama, sisi hapa tuna dharura."

"Mimi ninazo tatu. Zimekaa kwenye benchi nje."

Hawakumfungulia. Juma lililofuata aliitwa kwa fundi cherehani mmoja, mjamzito aliyekuwa akivuja damu, mitaa miwili mbele ya kizuizi. Askari alimzuia tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa kuwa hakuwa na kibali. Gari la mchimba kaburi lilipita mbele yake mara mbili. Alipofika, fundi alikuwa amekwisha kufa, na mtoto pamoja naye. Mkunga aliwaosha wote wawili, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake seremala, akaazima bisibisi.

Mchana kweupe, watu wakitazama, alilegeza skrubu za bawaba tatu, akaung'oa mlango wa chumba cha uzazi.

"Mama, mimi nimeambiwa nilinde kufuli," mlinzi akalalamika.

"Basi lilinde, mwanangu. Kufuli sijaligusa."

Mlango akaulaza juu ya mabenchi mawili, akatandika shuka, kikawa kitanda. Nafasi ya mlango akaifunika kwa pazia. Wa kwanza kujifungua juu yake alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Mjomba wake ndiye aliyempiga na kumpa mimba, na shule zilipofungwa bado wakamfungia nyumba moja naye. Hayo aliyasema nyuma ya pazia, kwa sababu mkunga aliwaamuru ndugu wote wakae nje. Tangu siku ile hakupokea mwanamke yeyote bila kwanza kumuuliza, wakiwa wawili tu, nani anampiga nyumbani.

Alizalisha arobaini na mmoja juu ya mlango ule, na hakumpoteza mama hata mmoja. Nguo za kinga zilizoletwa zilikuwa zimeshonwa kwa mabega ya wanaume; alizikaza kwa bendeji, mikono ikaendelea kumvuka vidole. Mwezi wa saba alipata homa. Alikufa Ijumaa mchana, katika wodi ya gonjwa, juu ya kimojawapo cha vitanda vyake vya uzazi. Maneno yake ya mwisho kwa muuguzi yalikuwa: "Mlango wasiurudishe."

Walijaribu kuurudisha mara tatu. Haukuingia tena kwenye fremu yake, na waumini wanasema ni muujiza. Kaka yake hakubaliani. "Mbao ikilowa hutanuka," anasema. "Muujiza ni hao kuthubutu kujaribu." Maaskofu hawajaamua lolote juu yake. Akina mama hawakuwangoja. Wanamwita Mama Bawaba, na wasichana watano wa mtaa wamepewa jina lake la ubatizo.

Sasa nisikilize. Kamati ya kujiandaa kwa gonjwa lijalo inakutana Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika chumba kilekile walimomcheka. Rasimu ya orodha ya watakaopewa vibali nimeisoma. Mchimba kaburi yumo. Mkunga bado hayumo. Usiwashe mshumaa. Nenda. Dai mkunga aandikwe, wanawake wapate nusu ya viti na chai achemshe mwingine, msichana aliyezaa arudi darasani, na kila zahanati iwe na chumba ambamo mwanamke anaweza kusema bila kusikilizwa na anayempiga. Wakikuambia usubiri hali itulie, usibishane na kufuli. Anza na bawaba.